Ngazi za Baiskeli

Jamhuri ya Sifa haimo kwenye ramani yoyote. Wizara ya Ramani ya nchi hiyo ilipoulizwa sababu, ilijibu kwamba nchi ilikwishachorwa vizuri sana, ila mchoro umefungiwa kabatini usije ukachakaa, na ufunguo wa kabati anao ofisa ambaye yuko semina. Kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Na akiona mambo ya humu yanafanana na ya kwao, hiyo ni bahati mbaya yake, sisi hatumo.

Mambo yalianza Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu aliporudi safari. Alikuwa amekwenda nchi moja ya baridi, ambako wenyeji wake walimpeleka porini wakamwonyesha watu wazima wanaoendesha baiskeli kwenye matope, juu ya mizizi na mawe, wakianguka na kucheka. Mheshimiwa alishangaa mno, kwa sababu baiskeli zile hazikubeba kitu. Hakukuwa na dumu la maji, wala mkungu wa ndizi, wala gunia la mkaa, wala mgonjwa. Aliambiwa kwamba huo ni mchezo, na kwamba watu hupanda ndege kuja kuucheza. Akaambiwa pia kwamba vijia vile vimegawanywa kwa ngazi: vya kijani kwa wanaoanza, vya buluu kwa wa kati, na vyeusi kwa mabingwa, ili mtu asivunjike shingo kwa kujipa ubingwa asiokuwa nao.

Aliposhuka ndegeni alitoa tamko palepale uwanjani, kwaya ikiwa katikati ya ubeti wa tano. Jamhuri ya Sifa itakuwa na njia za baiskeli za ngazi tatu, na itakuwa nazo kabla ya jirani zake. Kwaya ikaanza upya tangu mwanzo.

Mji uliochaguliwa ulikuwa Tembwe, kwa kuwa una kilima. Kilima kile kilikuwepo tangu dunia ilipoumbwa na hakuna aliyekijali, lakini kuanzia siku hiyo kikaitwa fursa.

*

Pale sokoni Tembwe, kwenye kibanda cha mabati kinachotazamana na zahanati, alikuwepo fundi baiskeli aitwaye Nakunda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mikono myeusi kwa grisi, ulimi usio na breki. Spana zake alizirithi kwa baba yake. Lakini kitu alichojivunia hakikuwa spana, kilikuwa ile machela aliyoiunda kwa mikono yake: kitanda cha kamba juu ya magurudumu mawili, kinachofungwa nyuma ya baiskeli kwenye keria. Kwa machela hiyo aliwateremsha wagonjwa kutoka Kilengwe, kijiji kilichoko juu ya kilima, ambako gari halijawahi kufika. Yeye alikuwa mbele kwenye baiskeli, na kaka yake Kadeghe alikuwa nyuma, ameshika kamba ya kuizuia isije ikamsukuma. Miaka tisa walifanya kazi hiyo na hawakumwangusha mtu hata mmoja.

Njia za kile kilima zilikuwa tatu, na zilichimbwa na miguu na matairi ya watu. Moja ilizunguka chini kwa chini kando ya mto, tambarare kabisa, ndiko watoto walikojifunzia na wazee wenye magoti mabovu walikopita. Ya pili ilipanda polepole kati ya migomba kwa kona nyingi, nayo ilikuwa ya wenye mizigo. Ya tatu iliteremka kutoka Kilengwe moja kwa moja kando ya jabali, na huko walipita wachache wanaojua wanachokifanya. Hapakuwa na kibao. Aliyejipima vibaya alianguka, akajipangusa, kesho yake akapita kwingine. Kwa njia ile ya jabali, Nakunda na kaka yake walimfikisha mgonjwa zahanati kwa dakika kumi na nane.

Mwaka huo dakika hizo kumi na nane zilikuwa zimemkaa Nakunda kichwani. Wifi yake Namsifu, mke wa Kadeghe, alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, na mganga wa zahanati alimwita Nakunda pembeni akamwambia bila kuzungusha maneno.

"Huyu wifi yako, uchungu ukianza tu, mlete. Msikae kungoja mkunga, msikae kuchemsha maji. Mtoto amekaa vibaya. Ukinichelewesha sitakuwa na la kufanya."

"Nitakuletea kabla hujamaliza kunawa mikono," Nakunda alimjibu. Alikuwa anamaanisha.

*

Mratibu wa Kitaifa wa Njia za Baiskeli aliitwa Dakta Mhandisi Balozi Mstaafu Nyangalo. Hakujua kuendesha baiskeli, jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, lilimwepusha na upendeleo. Alikuja Tembwe kuwashirikisha wananchi. Katika Jamhuri ya Sifa, kushirikishwa maana yake ni kuambiwa ukiwa umekaa.

Wananchi walikaa. Mratibu aliwaambia kwamba dunia nzima inawatazama. Aliwaambia kwamba wageni watakuja kwa maelfu kuteleza kwenye kilima chao, na kwamba wajiandae kuwapigia makofi. Alipouliza kama kuna swali, hakutarajia kuona mkono, lakini aliuona, na ulikuwa na grisi.

"Baba Mratibu, shikamoo," alisema Nakunda. "Njia tatu tunazo. Moja ya wanaojifunza, moja ya wenye mizigo, moja ya wenye roho ngumu. Sasa ninyi mnakuja kutuongezea nini?"

"Njia mnazo, mama," alisema Mratibu. "Ngazi hamna."

"Ngazi ndiyo nini?"

Mratibu alitazama karatasi yake. Aliigeuza nyuma, akaona ni nyeupe, akairudisha. Msaidizi wake alitazama viatu.

"Ngazi," alisema hatimaye kwa sauti ya kiserikali, "ni ngazi."

Mtu mmoja mwenye kofia ya chama akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Nakunda naye alipiga, mara mbili tu, ili asionekane hakupiga.

*

Tamko la Mheshimiwa lilipotoka Ikulu lilikuwa na kurasa tatu na lilieleza kila kitu. Lilipita Wizara ya Burudani ya Taifa, likapita Idara ya Vilima, likapita Baraza la Magurudumu. Kila lilipofika mezani lilifupishwa, kwa kuwa kila ofisa alitaka kuonyesha kwamba amelisoma. Lilipowasili Wizara ya Ujenzi wa Haraka lilikuwa limebaki mstari mmoja: *Tembwe, kilimani, baiskeli, ngazi tatu, kijani, buluu, nyeusi, haraka.*

Wizara ya Ujenzi wa Haraka ni watu wa zege. Hawajui mambo ya viwango vya ujuzi wala rangi za vibao, lakini ngazi wanazijua. Baada ya wiki moja malori ya kokoto yalikuwa yamejipanga sokoni mpaka mlangoni kwa Nakunda.

Aliacha gurudumu la mteja likining'inia, akaenda kumtafuta msimamizi.

"Kaka, mnajenga nini huko juu?"

"Ngazi."

"Za nini?"

"Za baiskeli."

"Wewe umewahi kuona baiskeli inapanda ngazi?"

Msimamizi alimtazama kwa huruma kidogo. "Mama, mimi hata nyumba ambazo hazina milango nimejenga. Naambiwa, najenga."

Wakajenga. Kwenye njia ya jabali walimwaga ngazi mia nne sitini na tatu, kuanzia Kilengwe hadi sokoni, wakazipaka rangi nyeusi. Kati ya migomba walimwaga mia mbili na kumi na mbili, wakazipaka buluu. Kazi ngumu ilikuwa kule mtoni, kwa sababu kule ni tambarare, na ngazi haiwezi kwenda popote mahali palipo sawa. Wataalamu walikaa siku mbili hotelini wakilijadili jambo hilo. Uamuzi ukawa kuleta udongo na kujenga tuta refu katikati ya njia, ili ziwepo ngazi arobaini za kupandia na arobaini za kushukia. Ukimaliza unajikuta palepale ulipokuwa, ila umechoka. Hizo zilipakwa kijani na zikawa za wanaoanza.

Kisha ikatoka sheria ndogo, ikabandikwa kwenye mlango wa zahanati kwa kuwa ndio mlango pekee wa mjini uliokuwa na rangi mpya. Ilisema: *Ni kosa kuendesha, kukokota au kusukuma baiskeli, au chombo chochote chenye gurudumu, katika njia isiyo na ngazi.* Vichochoro vyote vilivyosalia kilimani vikazungushiwa seng'enge. Wachuuzi wa ndizi wakaanza kubeba baiskeli zao mabegani, na juu ya baiskeli ndizi zao, na Gazeti la Sifa likawapiga picha likaandika: *Wananchi Waukumbatia Mchezo.*

*

Nakunda hakuwa mtu wa ofisi. Alinawa mikono kwa sabuni na mchanga, akajifunga khanga safi, akaenda Uratibu.

Masijala alikuta karani aitwaye Sebarua, mwanamume mpole ambaye baiskeli yake Nakunda ndiye aliyeiziba viraka kwa miaka yote. Sebarua alitazama kushoto na kulia, akavuta jalada, akamfunulia tamko lenyewe la kurasa tatu.

"Soma hapa, dada Nakunda. Usiseme mimi."

Nakunda alisoma kwa kidole. *Njia za ngazi tatu, yaani viwango vitatu vya ugumu, kulingana na ujuzi wa mwendeshaji.*

"Viwango," alisema.

"Viwango," alinong'ona Sebarua.

"Si ngazi za kukanyaga."

"Wala hazijatajwa."

Nakunda alirudisha kidole mwanzo wa mstari, akausoma tena. Alikuwa amedhani kwamba kuna akili fulani kubwa huko juu ambayo yeye haifikii, akili iliyojua baiskeli itapandaje zege. Sasa aliona kwamba hakuna. Kulikuwa na neno moja tu ambalo watu kumi na wanane walilitia sahihi bila kulisoma, na kwa ajili hiyo kilima kizima kilikuwa kimeharibiwa. Alilikwapua jalada mikononi mwa Sebarua, akaingia nalo kwa Mratibu bila kubisha hodi.

Dakta Mhandisi Balozi Mstaafu Nyangalo aliusoma ule mstari. Aliusoma mara mbili. Nakunda alimwona uso ukimbadilika, akajua kwamba ameelewa. Msomaji alishike hilo, kwamba alielewa.

"Mama," alisema, akilifunga jalada taratibu, "nani mwingine ameona hii?"

"Mimi nimeona. Inatosha."

"Unajua kwamba Mheshimiwa anakuja kuzizindua Jumamosi ya wiki ijayo?"

"Ndiyo maana nimekuja leo. Mwambieni mlikosea. Watu hukosea. Au msimwambie, mimi shida yangu ni moja tu. Nifungulieni njia ya jabali pembeni pale, upana wa machela. Nina wifi yangu kule juu, mtoto amekaa vibaya. Siwezi kumteremsha kwenye ngazi."

"Tukikufungulia wewe pembeni," alisema Mratibu, "watu watauliza kwa nini hukupita kwenye ngazi. Wakiuliza hilo watauliza na lingine. Hili neno, mama, limekwishamwagiwa zege." Aliinuka, akatembea hadi dirishani, na sauti yake ya kiserikali ikarudi. "Hata hivyo serikali ni sikivu. Nitaunda Tume ya Neno. Maprofesa saba watakaa miezi kumi na minane watuambie ngazi ni nini."

"Wifi yangu amebakiza wiki mbili."

"Tume itazingatia." Aliketi tena, akavuta fomu. "Kwani wewe mwenyewe uko ngazi gani?"

"Ngazi gani ya nini?"

"Ya uendeshaji. Una cheti? Umehudhuria kozi?"

"Nimeteremsha wagonjwa miaka tisa kwenye jabali lile."

"Bila cheti," alisema Mratibu huku akiandika. "Kwa utaratibu, mtu asiye na cheti ni wa wanaoanza. Nyeusi si zako, mama. Utapita kijani kwanza, ukifaulu utapanda buluu. Nakupa hiki cha muda." Akagonga muhuri.

Cheti kilikuwa na ngao ya taifa na picha ya baiskeli isiyokuwa na pedeli. Kilisema: *Mwenye cheti hiki ni wa Ngazi ya Wanaoanza. Anaruhusiwa kuanza na ngazi ya kwanza.* Nakunda alikikunja mara nne akakitia kifuani, kwa sababu angekichana mbele ya yule bwana angempiga pia.

*

Jumamosi ya uzinduzi, saa tatu asubuhi, Namsifu alishikwa na uchungu.

Nakunda alikuwa Kilengwe tangu jana yake, maana hakuwa na imani tena na barabara yoyote. Kwanza walijaribu kichochoro cha migomba. Walikuta seng'enge na askari wanne waliokuwa wamepewa amri kwamba asionekane mtu yeyote kilimani ila kwenye ngazi, kwa ajili ya picha. Kadeghe aliwasihi. Askari mmoja alimwambia pole kaka, kwa kumaanisha kabisa, na hakusogea.

Ngazi za buluu zilizunguka mbali mno, ikabaki zile nyeusi. Magurudumu yalikuwa hayana kazi, kwa hiyo waliibeba machela begani watu wanne, Nakunda na Kadeghe mbele, majirani wawili nyuma, Namsifu juu yake ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Wifi," alisema Namsifu, "tutafika?"

"Tutafika. Wewe usisukume. Nakuomba usisukume."

Ngazi zilijengwa haraka na hakuna mbili zilizolingana. Moja ilikuwa ya kufika shavu la mguu, inayofuata ya kufika goti. Kila hatua machela iliyumba, na kila ilipoyumba Namsifu alitoa sauti ambayo Nakunda hakuwahi kuisikia kwa mgonjwa yeyote. Alihesabu ili asifikiri. Ngazi ya mia. Ngazi ya mia mbili. Mabega yalichubuka, wakabadilishana. Dakika kumi na nane zilikwisha wakiwa hawajafika nusu.

Huko chini mambo yalikuwa yamepamba moto. Bingwa wa Taifa wa Baiskeli, aliyeletwa kutoka mji mkuu ili ateremke mbele ya Mheshimiwa, alikuwa ameziangalia zile ngazi kutoka chini na kushikwa na homa ya ghafla. Mtangazaji alikuwa anahangaika kujaza muda. Alipoinua macho akaona kitu chenye magurudumu kikija kutoka juu, alikishukuru kwa moyo wote.

"Ndugu wananchi, mabingwa hao wanateremka! Watu wanne, baiskeli moja ya kitanda! Ubunifu wa Kisifa!"

Umati ukalipuka. Bendi ikapiga. Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu, ambaye alikuwa katikati ya hotuba, aliwapungia mkono bila kuikatiza.

Walifika ngazi ya kumi na saba kutoka chini, na hapo ndipo ulipofungwa utepe. Askari wawili walisimama mbele yake bunduki zikiwa zimekingamana. Ng'ambo ya soko, hatua mia mbili hivi, Nakunda aliuona mlango wa zahanati, na mganga amesimama pale na aproni yake akimpungia kwa mikono miwili kwamba njoo.

"Tupisheni. Tuna mzazi hapa."

"Utepe haujakatwa, mama."

"Kuna mtu anakufa!"

"Utakatwa baada ya hotuba. Ni utaratibu. Mheshimiwa ndiye wa kwanza."

Basi walisimama. Na ili msomaji asije akasema tumemsingizia mtu, hotuba yenyewe hii hapa, kama ilivyotoka kwenye vipaza sauti.

"Wenzetu huko nje wanajidai wana njia za ngazi. Nilikwenda, nikatazama. Ngazi hazionekani! Wanakuambia hii ngazi ya kwanza, hii ya pili, ukitazama ni matope matupu. Ni maneno tu! Sisi hatutaki maneno. Sisi ngazi zetu unaziona, unazikanyaga, unazihesabu. Nani kama sisi?"

"Hakuna!"

"Nimeambiwa kuna watu wachache wanauliza baiskeli itapandaje. Hao hawaipendi nchi yao. Baiskeli ya mzalendo itapanda!"

Mratibu alikuwa safu ya mbele, na alipiga makofi. Nakunda alimwona, naye alimwona Nakunda, halafu akatazama programu yake.

Hapa msimulizi anaomba radhi. Alikusudia kuchekesha, na alikuwa na mambo mengine ya kuchekesha kuhusu hotuba hiyo, ambayo iliendelea dakika thelathini na moja. Lakini mwanamke alikuwa juu ya kitanda cha kamba, juani, kwenye ngazi ya kumi na saba, mtoto amekaa vibaya, mganga anaonekana kwa macho, na kilichowazuia ni kitambaa. Tumejaribu kulifanyia mzaha hilo na tumeshindwa, na tunamkasirikia kila aliyekuwepo, na sisi wenyewe kwa kupiga makofi.

Sauti ya Namsifu ilipokatika, Nakunda alichomoa koleo lake mfukoni, lile la kukatia spoku. Alipita kati ya zile bunduki kana kwamba ni matawi ya miti, akaukata utepe. Hakuna askari aliyempiga. Walitazamana tu, wakisubiri amri, na amri haikuwa imeandaliwa kwa jambo kama hilo. Wale wanne wakakimbia na machela kupita mbele ya jukwaa, mbele ya mkasi wa dhahabu kwenye mto wake wa mahameli, na umati ukawashangilia mpaka mlangoni.

Namsifu aliokolewa. Mtoto alikuwa wa kike, uzito wake mzuri, nywele nyingi. Mganga alisema angefikishwa nusu saa mapema angelia.

*

Serikali ilihangaika na suala la utepe usiku kucha, na asubuhi ikatoa taarifa kwamba Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wake, alimwachia mwananchi wa kawaida aukate kwa niaba yake. Jumatatu Mratibu alikwenda zahanati akiwa na wapiga picha na medali. Alimkuta Nakunda amekaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Hongera sana, mama. Dakika tisini na nne, ndiyo rekodi ya taifa." Akamwinamia, akashusha sauti. "Na pole kwa yale mengine. Cheti nacho nimekihuisha. Kwa sababu mlibeba badala ya kuendesha, kamati imekuacha palepale kwa wanaoanza. Lakini sasa si cha muda tena. Ni cha kudumu."

Nakunda alikipokea, akakikunja mara nne kama kile cha kwanza, akakitia kifuani. Medali aliiacha benchini, na ilikaa pale hadi mfagiaji alipoiondoa.

Mtoto alizikwa Kilengwe. Kadeghe mwenyewe alilibeba sanduku, ngazi mia nne sitini na tatu, na Nakunda alipanda nyuma yake akihesabu tena. Namsifu alibaki kitandani, hakuongea siku nne. Siku ya tano alisema neno moja, akimwambia Nakunda aliyekuwa akimlisha uji.

"Wifi, mwingine akipata uchungu kule juu, mtamleta na nini?"

Nakunda aliweka kijiko chini.

Kesho yake soko lilipokuwa limejaa, alifika kwenye ngazi nyeusi akiwa na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe begani. Alisimama mbele ya ngazi ya chini kabisa, ambayo ilikuwa na kibao cha shaba chenye jina la Mheshimiwa. Askari wa zamu alikuwa mmoja wa wale wawili wa Jumamosi. Alimtambua. Alikohoa, akavuta mkanda wake.

"Mama, una kibali cha kufanya chochote hapa?"

Nakunda alitoa karatasi kifuani, akaikunjua mikunjo minne, akampa. "Soma. Soma kwa sauti, watu wasikie."

Askari alisoma. Wauza nyanya waliacha kupanga nyanya. "Mwenye cheti hiki ni wa Ngazi ya Wanaoanza," alisoma. "Anaruhusiwa kuanza na ngazi ya kwanza."

"Kuna muhuri?"

"Upo."

"Ngazi ya kwanza ni ipi?"

Askari alitazama kibao cha shaba. Alitazama mlango wa zahanati, ng'ambo, kwa muda mrefu kidogo. Kisha alimrudishia cheti, akachukua hatua mbili kando, akageuka akatazama upande wa mto.

"Ni hiyo, mama," alisema.

Nakunda akainyanyua nyundo. Zege lilikuwa la haraka, mchanga mwingi saruji kidogo, na lilipasuka kwa pigo la tatu. Kadeghe alikuwa amekwishafika na mtaimbo. Nyuma yake walisimama wachuuzi wa ndizi, baiskeli mabegani, wakizishusha chini moja moja.